Baada ya Karatasi Kukusanywa

Waliofanya mtihani wa K.C.P.E. nchini Kenya, tangu ulipoanza mwaka 1985 hata ulipofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, hawana haja ya kuelezwa habari za mchana wa siku ya kwanza. Asubuhi ilikuwa ya Hesabu. Saa 5 ikaja karatasi ya Kiingereza yenye maswali 50, kila swali na majibu manne ya kuchagua. Saa 6 na dakika 40 karatasi zikakusanywa, na saa 8 watoto walitakiwa kurudi madawatini kuandika insha. Katikati ya hapo palikuwa na chakula, na palikuwa na ubishi.

Ubishi huo ulikuwa na desturi zake. “Swali la 34 umeweka nini?” “C.” “Hata mimi C!” Basi hapakuwa na aliyeuliza kwa nini. Herufi zilihesabiwa kama kura, na mwenye sauti kubwa ndiye aliyekuwa mwamuzi.

Jambo hili lina umri mrefu. Katika miaka ya 1950, chini ya mpango uliotokana na taarifa ya kamati ya Beecher ya mwaka 1949, mtoto wa Kiafrika alichujwa mwisho wa darasa la nne, akachujwa tena mwisho wa darasa la nane katika mtihani wa K.A.P.E., na nafasi za sekondari zilikuwa chache mno. Mtu aliyepitia machujo hayo hawezi kumcheka mwanawe anayetetemeka kwa sababu ya herufi moja.

Lakini yafaa kufahamu ni kwa nini karatasi ya kusoma na kufahamu huleta ubishi kuliko ile ya Hesabu. Chukua mfano wa kifungu cha mkulima na fahali wake. Aya ya kwanza yasema kwamba fahali amezeeka. Aya ya pili yasema mvua imekosekana na majani yamekauka. Katika aya ya tatu barua yafika kutoka shuleni kudai karo. Kesho yake mkulima ampeleka fahali mnadani, na fedha zote azikabidhi kwa mwalimu mkuu. Swali lauliza: Kwa nini mkulima alimuuza fahali wake? Herufi A yasema ni karo, B ni uzee, C ni ukame, na D ni bei nzuri ya mnadani.

Mtoto wa mfugaji ataweka C bila kusita. Ameona kwa macho yake mwenyewe ng'ombe wakiuzwa kwa bei ya kutupa wakati wa kiangazi kikali. Hana upungufu wa akili hata kidogo, ila amejibu habari za nyumbani kwao, wala si habari za kifungu. Na kwa kuwa watoto wa kijiji kimoja wameona kiangazi kile kile, yamkini wengi wao wataweka C pamoja naye.

Sasa mfikirie msichana aliyesoma kifungu mara mbili akaweka A. Afika chini ya mti, asikia C, C, C, pande zote. Hana kifungu kichwani neno kwa neno cha kujitetea. Aanza kutilia shaka swali hilo, kisha lile lililotangulia, kisha karatasi nzima. Mashine iliyosoma vistari vyake vya penseli haikusikia kelele za chini ya mti, lakini yeye alizisikia. Saa 8 aingia kuandika insha, mkono uko juu ya karatasi, na moyo ungali kwenye swali la 34. Hasara ya ubishi huwa hapo, katika karatasi ambayo bado haijaandikwa.

Walimu wengine walipiga marufuku mazungumzo hayo. Marufuku haikufaa sana, maana watoto walikwenda kunong'onezana huko vyooni. Waliofaulu zaidi ni wale walioketi na watoto wakala nao, wakawauliza habari za mpira. Na baba aliyemwuliza mwanawe jioni, “Umepata ngapi?” alimwuliza jambo ambalo mtoto hakuweza kulijua.

Mitihani yote ikiisha, ubishi wageuka kuwa somo jema, mradi kifungu kiwe mezani. Mwalimu mwenye subira hasemi nani ameshinda. Husema tu, “Weka kidole kwenye mstari unaosema hivyo.” Mtoto wa C huutafuta ukame, akauona, akafurahi. “Haya, endelea kusoma.” Husoma mpaka akaikuta barua ya shule, akanyamaza kidogo, kisha akamtazama yule msichana.