AMRI YA KUVAA BARAKOA: MAFUNZO YA MJI WA SAN FRANCISCO, 1918–1919

Maradhi ya Korona yalipoingia nchini mwezi wa Machi, 2020, suala la barakoa lilizusha mazungumzo marefu maofisini, masokoni na barazani. Wako walioliona kuwa ni hiari ya mtu, na wako waliotaka liwe amri. Madhumuni ya makala haya ni kuwafafanulia watumishi wa umma na wananchi kwamba mjadala huo si mpya, na kwamba upo mji uliokwishaupitia zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Mji wenyewe ni San Francisco, nchini Marekani. Homa kali ya mafua ilipoenea ulimwenguni mwaka 1918, baraza la mji huo lilipitisha sheria ndogo tarehe 24 Oktoba. Kila mtu alitakiwa avae barakoa hadharani na popote walipokutana watu wawili au zaidi, isipokuwa nyumbani kwake na wakati wa kula. Mkosaji alitozwa faini au kufungwa. Walio wengi walitii. Wagonjwa walipopungua, tarehe 21 Novemba, saa 6 mchana, ving'ora vililia kuashiria ruhusa ya kuzivua, na watu wakashangilia mitaani.

Furaha hiyo haikudumu. Mwezi wa Disemba wagonjwa waliongezeka tena, na Afisa Afya wa mji, Dk. William Hassler, akaomba amri irejeshwe. Wafanyabiashara walipinga kwa kuhofia mauzo ya Krismasi. Wengine walidai kuwa amri inawanyima uhuru wao. Baraza likakataa. Maradhi yalipozidi, baraza liligeuza uamuzi wake, na amri ikaanza tena tarehe 17 Januari, 1919. Safari hii iliundwa Jumuiya ya Kupinga Barakoa, ikiongozwa na Bibi E. C. Harrington, ambayo iliitisha mkutano wa hadhara tarehe 25 Januari. Amri ilifutwa tarehe 1 Februari.

Katika habari hiyo yapo mambo matatu yanayofaa kuzingatiwa.

Kwanza, ni mwenendo wa viongozi. Meya James Rolph na Dk. Hassler mwenyewe walionekana katika pambano la ngumi bila ya barakoa, wakatozwa faini. Mwananchi anayemwona mtunga amri akiivunja haoni sababu ya yeye kuitii.

Pili, ni ubora wa barakoa zenyewe. Zilitengenezwa kwa kitambaa cha shashi. Mwaka 1920, Dk. W. H. Kellogg wa Bodi ya Afya ya jimbo la California alichapisha matokeo ya majaribio yake: shashi nyepesi hupitisha vijidudu, na ikiongezwa tabaka hadi kuwa nzito, pumzi hupita pembeni. Elimu hiyo imeendelea kukua. Mwezi wa Juni, 2020, Shirika la Afya Duniani lilishauri barakoa za kitambaa ziwe na tabaka tatu, na zivaliwe penye msongamano mahali maradhi yanapoenea.

Tatu, na ndilo kubwa zaidi, ni ukweli wa maelezo. Skuli na majumba ya starehe ya San Francisco yalikuwa yamefungwa kabla ya amri kuanza, kwa hivyo si sahihi kusema kuwa barakoa peke yake ndiyo iliyopunguza maradhi. Lakini wananchi waliaminishwa kuwa barakoa ni ngome kamili. Maradhi yaliporudi, imani yao ikatetereka, na amri ya pili ikakuta watu wamechoka na wana shaka.

Hali ya dharura ya Korona ilitangazwa kumalizika duniani tarehe 5 Mei, 2023. Hata hivyo, maradhi ya kuambukiza hayatoi taarifa kabla ya kuja. Iwapo siku moja itabidi amri ya namna hii itolewe tena, ni wajibu wa kila ofisa na kila sheha kuwaeleza watu sababu yake, mipaka yake na muda wake, na yeye kuwa wa mwanzo kuitekeleza. Tahadhari kabla ya hatari.