Nataka, kwa Sauti ya Juu

Mtoto mwenye adabu huku Ruiri, Meru, hasemi "nataka" mbele ya wageni. Akiulizwa kama ameshiba, atajibu ameshiba hata tumbo likinguruma. Lakini Jumapili alasiri, kwaya ikishatawanyika na wazee wakishaelekea makwao, zunguka nyuma ya kanisa usikilize. Msichana wa sekondari ameshika simu ya mamake, bando linakaribia kwisha, naye anaimba kwa nguvu zake zote kwamba anatamani kwenda mbali, kule bahari inakokutana na mbingu. Bahari yenyewe pengine hajaiona. Anachokiona ni barabara ya kwenda Isiolo, na kwa kazi ya wimbo huo barabara inatosha.

Wimbo ni "How Far I'll Go", ambao Lin-Manuel Miranda alimtungia Moana katika filamu ya katuni ya mwaka 2016. Kabla yake vijana wa hapa waliimba "Let It Go" wa Frozen, na wadogo zao waliongeza zile za Encanto ya 2021. Mzazi akisikia huona ni kelele za televisheni. Mimi naona ni mojawapo ya mahali pachache ambapo mtoto wa hapa anapewa dakika tatu za kutaja haja ya moyo wake bila kuambiwa anyamaze.

Si kwamba hatukuwa na nyimbo. Meru ni nchi ya kwaya, na harusi zetu haziishi bila kuimba. Ila katika nyimbo hizo mtu ni wa kundi. Mwimbishaji anaanzisha, wengine wanaitikia. Kwenye kwaya sauti ya kwanza hadi ya nne zinashikana, na ukisikika peke yako umeharibu. Wimbo wa katuni umekwenda kinyume. Unamtoa mtu mmoja mbele, unawanyamazisha wengine wote, na kumuuliza: wewe unataka nini?

Swali hilo halikuingia kwenye katuni kwa bahati. Howard Ashman, mtunzi wa maneno aliyetoka kwenye michezo ya kuigiza ya New York, aliingia Disney na kanuni ya jukwaani: mapema katika hadithi, mhusika mkuu aimbe anachokitamani, ili mtazamaji ajue amsindikize wapi. Yeye na mtunzi mwenzake Alan Menken wakaitumia katika The Little Mermaid ya 1989, kwa wimbo "Part of Your World". Ulinusurika chupuchupu. Filamu ilipoonyeshwa kwa majaribio watoto walianza kuhangaika vitini, na mkubwa wa studio, Jeffrey Katzenberg, akataka wimbo ukatwe. Waliokuwa wakiitengeneza filamu waligoma, ukabaki. Ashman alifariki Machi 1991, miezi michache kabla ya Beauty and the Beast kutoka. Moana anaposimama ufukoni kuimba, anafuata njia iliyochongwa na marehemu huyo.

Nguvu ya wimbo wa aina hii iliwahi kupindua filamu nzima. Katika mipango ya awali ya Frozen, Elsa alikuwa mtu mbaya. Kisha Kristen Anderson-Lopez na mumewe Robert Lopez wakaleta "Let It Go". Baada ya kuusikia, watengenezaji waliona hawawezi tena kumfanya adui mtu anayeimba vile, wakaiandika hadithi upya. Filamu ikatoka 2013, na mwaka uliofuata wimbo ukanyakua Oscar.

Sasa tuje kwenye kuuimba, maana hapo ndipo wengi huchemka. Idina Menzel aliyeuimba anapita karibu oktavu mbili. Vijana wanakijua kile kiitikio tu, kwa hiyo wanaanza wimbo wakiwa tayari wako juu, kifua kimejaa, mishipa ya shingo imesimama. Wakifika kwenye kiitikio chenyewe hakuna pa kupanda, inabaki kupiga mayowe. Dawa yake iko kwenye ubao uleule wa kwaya, wenye solfa za chaki. Mwalimu anayejua kazi yake humwanzisha mtoto kwenye noti za chini, karibu na kuongea, kama anamweleza dada yake jambo la siri jikoni. Pumzi ivutwe tumboni, mabega yakae palepale. Ubeti wa kwanza usiwe na madoido yoyote. Ikiwa ufunguo uko juu mno, ushushwe. Hakuna atakayekupeleka mahakamani kwa kuuimba wimbo wa Elsa kwa sauti yako mwenyewe. Ukipanda polepole hivyo, ile noti ya juu inafika kwa sababu hadithi imeisukuma, na msikilizaji anasisimkwa hata kama hana habari na Kiingereza.

Theluji ya Elsa je? Asubuhi isiyo na mawingu mtoto wa Meru huiona kileleni mwa Kirimaara, yaani Mlima Kenya. Elsa si mgeni sana.

Kinachonikera ni kwamba haja hizi zote watoto wetu wanaziazima. The Lion King ya 1994 ilijichotea majina kwetu, Simba, Rafiki, Pumbaa, na wachoraji wake walikuja Kenya kutazama nchi, Hell's Gate ikiwemo. Lakini Disney ilipotoa video ya "Let It Go" katika lugha 25, Kimalei kilikuwemo na Kiswahili hakikuwemo. Hilo tuwaachie wao. Letu ni hili: katuni zetu zinaimba nini? Ubongo Kids, inayotengenezwa Dar es Salaam tangu 2014, inaimba hesabu na sayansi, tena vizuri sana. Tinga Tinga Tales, iliyochorwa Nairobi, ilipata nyimbo za Eric Wainaina, zikapendeza hata zikapelekwa jukwaani New York mwaka 2018. Nazipenda zote mbili. Hata hivyo katika nyingi kati ya nyimbo hizi mtu mzima amesimama nyuma ya pazia, anafundisha au anachekesha. Mtoto anayesimama peke yake akasema kijiji kinambana na roho yake iko kwingine, huyo bado ni adimu. Tunaogopa nini? Tamasha la Muziki la Kenya lipo tangu 1927, na kila mwaka shule humwaga watunzi wanaoweza kuandika wimbo kama huo kwa wiki moja wakiruhusiwa.

Wavulana wana njia yao. Hamu ya Moana hawaitaki, wao humwendea Scar wa The Lion King, yule amu muuaji, na wimbo wake "Be Prepared". Sauti zao ndiyo kwanza zinabadilika, basi wanaanza kwa besi ya kutisha na kufika katikati sauti imeshawakimbia, wasichana wanacheka hadi wanakaa chini. Wasione haya. Jeremy Irons mwenyewe, mwigizaji wa Scar, sauti ilimkauka wakati wa kurekodi, na sehemu ya mwisho ya wimbo huo ikamaliziwa na Jim Cummings, aliyekuwa akiigiza fisi Ed.