Maji Matupu Hayamtoshi Anayeharisha

Mtu akiharisha hosteli, ushauri wa kwanza huwa ule ule: "Kunywa maji mengi." Wa pili: "Mleteeni soda apate nguvu." Ule wa kwanza ni nusu ya ukweli. Wa pili unaweza kumzidishia. Sababu imo kwenye mada ya osmosisi, ile tuliyoikariri sekondari, tukaijibia mtihani, tukaiacha huko huko.

Tuanze na msingi. Kila seli imezungukwa na utando unaochagua cha kupitisha. Chumvi na sukari haziwezi kujipitia tu, zinahitaji milango maalumu ya protini. Maji je? Seli haina pampu ya kuyasukuma. Inachofanya ni kuhamisha chumvi, na maji yanafuata, kwa sababu maji huelekea upande wenye vitu vingi vilivyoyeyuka. Hiyo ndiyo osmosisi. Kwa ufupi, ukitaka kuhamisha maji, hamisha chumvi.

Kipindupindu hutumia kanuni hiyo hiyo kutuangamiza. Sumu ya bakteria wake huacha wazi mlango wa kloridi kwenye seli za utumbo mwembamba. Kloridi inamwagika ndani ya utumbo, sodiamu inaifuata, na maji nayo yanafuata. Mgonjwa aliyezidiwa anaweza kupoteza hata lita moja kwa saa. Wakati huo huo, ufyonzaji wa kawaida wa chumvi umedhoofika. Akinywa maji matupu, hayana cha kuyavuta kurudi mwilini, hivyo mengi yanapitiliza.

Ila kuna mlango mmoja ambao sumu hiyo haiuharibu. Unapitisha sodiamu mbili pamoja na glukosi moja, na kimoja bila mwenzake hakipiti vizuri. Mwaka 1960, Robert Crane ndiye aliyeeleza kwamba vitu hivi husafiri pamoja. Kwa hiyo sukari kwenye ORS haiko pale kwa ajili ya utamu. Ni tiketi ya chumvi, na chumvi ikishaingia, maji yanaifuata.

Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi waliokimbilia India walipatwa na kipindupindu. Dripu zikawa hazitoshi. Daktari Dilip Mahalanabis akawanywesha maji yenye chumvi na sukari, na vifo vikashuka kutoka takribani asilimia 30 hadi chini ya 4.

Sasa kwa nini siyo soda, maana nayo ina sukari? Ni kwa sababu inayo kupita kiasi. Soda nyingi zina karibu gramu 100 za sukari kwa lita, wakati ORS ina gramu 13.5 za glukosi. Sukari ikijaa utumboni, osmosisi inageuka na kuvuta maji kutoka mwilini. Tena soda haina chumvi ya kutosha.

Basi, weka pakiti za ORS chumbani. Zikikosekana, chukua lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kufutwa juu. Usikadirie kwa macho. Mgonjwa anywe kidogo kidogo, hasa kila baada ya kuharisha. Akitapika, subirini dakika 10 mwendelee taratibu.

Na ukiona choo kama maji ya mchele, macho yamezama, amelegea au hapati mkojo, msingoje kukuche. Mpelekeni hospitali, huku anaendelea kunywa njiani.