Hesabu ya Mtoto Anayeacha Shule

Mtoto akiacha shule, lawama huwa tayari: mvivu, kakosa malezi, makundi yamemharibu. Mchumi huuliza kwanza: yeye na wazazi wake walipopima faida ya kuendelea na masomo, walitumia takwimu zipi?

Robert Jensen, mchumi wa Marekani, alilichunguza swali hilo katika Jamhuri ya Dominika. Mwaka 2001 wavulana wa darasa la nane kutoka shule 150 waliulizwa: ukiishia hapa, utakapokuwa na miaka 30 hadi 40 utapata kiasi gani kwa mwezi? Na ukimaliza sekondari je? Wengi waliona tofauti ni ndogo. Takwimu za mapato zilionyesha vingine. Mwanamume aliyeishia elimu ya msingi alipata takriban peso 3,200 kwa mwezi, na aliyemaliza sekondari peso 4,500, yaani nyongeza ya asilimia 40 hivi.

Kukosea kwao kunaeleweka. Mishahara ya watu haitangazwi, hivyo mtoto hukisia kwa kuwatazama majirani. Katika mtaa wa kipato cha chini, aliyesoma akafanikiwa alishahama zamani. Anayeonekana kila siku ni mwenye cheti anayegombea vibarua na wasio nacho.

Shule kadhaa zilichaguliwa kwa bahati nasibu, wanafunzi wake wakasomewa takwimu halisi kwa sentensi chache. Katika miaka minne iliyofuata, walisoma kwa wastani kati ya 0.20 na 0.35 ya mwaka zaidi ya wenzao ambao hawakuelezwa. Kwa maelezo mafupi yasiyogharimu karibu chochote, hayo si haba.

Lakini nyongeza hiyo ilitoka hasa kwa watoto wa familia zenye nafuu. Wale wa familia maskini kabisa hawakubadilika sana, ingawa nao waliambiwa yaleyale. Faida ya miaka 20 ijayo hailipii mahitaji ya muhula huu.

Uzito wa mahitaji hayo ulionekana magharibi mwa Kenya. Januari 2003 serikali ilifuta ada za shule za msingi, ila sare zikabaki mzigo wa mzazi. Wachumi Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walifanya utafiti katika shule 328. Katika baadhi yake, wanafunzi wa darasa la sita walipewa sare bure, kisha mwaka mmoja na nusu baadaye waliokuwa bado shuleni wakapewa nyingine. Baada ya miaka mitatu, wasichana walioacha shule walikuwa asilimia 16 kwenye shule zilizopewa sare, dhidi ya asilimia 19 kwenye zile ambazo hazikupewa kitu. Mimba za utotoni nazo zilipungua.

Kwa hiyo watoto wawili wanaweza kuacha shule wiki moja kwa sababu tofauti: mmoja haoni faida, mwingine anaiona na hana namna. Kumhubiria wa pili kwamba elimu ni ufunguo wa maisha ni kumwambia analolijua. Na wa kwanza, hata akishonewa sare mpya, bado atahitaji kuelezwa kwa tarakimu, tena za mkoa wake, kwamba miaka minne ya sekondari inalipa. Mwalimu mkuu anayetaka kupunguza wanaoacha shule aanze kwa kujua nani yuko kundi lipi, ndipo apange bajeti.