Mbwa wa Nasaba Migori na Homa Bay (Sehemu ya Pili): Ukoo Kwanza, Kombe Baadaye

Katika sehemu ya kwanza tuliona kwamba familia za huku kwetu haziingii katika ufugaji wa mbwa wa nasaba kwa kupenda mashindano. Huingia kwa kuogopa wezi. Duka limevunjwa Awendo, ng'ombe wametoweka usiku upande wa Kuria, mchimba dhahabu wa Nyatike hataki tena kulala jicho moja wazi. Basi mbwa mkubwa anatafutwa. Akija, jirani anaomba mtoto mmoja, shemeji anaomba wa pili, na kabla ya miaka miwili kupita mwenye mbwa keshakuwa mfugaji bila kukusudia. Leo tuingie katika hatua inayowashinda wengi: kutoka kwa mbwa mwenye sura nzuri hadi kwa mbwa mwenye ukoo ulioandikwa.

Sura haitoshi. Mbwa akiwa na masikio yaliyosimama na mgongo mweusi, sokoni ataitwa German Shepherd, na bei itapandishwa papo hapo. Lakini aina hiyo ya mbwa ina mwanzo unaojulikana. Mwaka 1899 afisa mstaafu wa jeshi la Ujerumani, Max von Stephanitz, alimnunua dume mmoja akampa jina la Horand von Grafrath, akaanzisha chama na kumwandika kuwa wa kwanza katika daftari. Tangu hapo kila mbwa anayedai kuwa wa aina hiyo hana budi kuonyesha wazazi walioandikwa, na wazazi wa wazazi. Wazee waliowahi kulinda mashamba ya wazungu bado humwita Alsatian. Hilo ndilo jina ambalo Waingereza walimbandika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, walipokuwa hawataki kusikia chochote cha Kijerumani, wakalishikilia hadi 1977.

Kwa Kenya, daftari la mbwa liko mikononi mwa East Africa Kennel Club jijini Nairobi. Anayeandikisha uzao ni mwenye jike, na sharti baba na mama wawe wameandikishwa tayari. Hapo ndipo safari ya familia nyingi inapokatika, kwa sababu jike alinunuliwa kwa maneno matupu: "baba yake ni wa polisi." Bila karatasi, hata angekuwa mrembo kuliko mbwa wote wa Nyanza, watoto wake hawataingia daftarini.

Wapo wanaoona karatasi hiyo ni majivuno ya matajiri wa Karen na Muthaiga jijini Nairobi. Mimi naiona tofauti, na nadhani Mjaluo ana sababu zaidi ya wengine kuielewa. Kijana wa Kijaluo akileta mchumba nyumbani, swali la kwanza la wazee halihusu elimu ya binti wala kazi yake. Wanauliza anatoka ukoo gani, mama yake aliolewa kutoka wapi, nyanya yake ni wa nani. Undugu ukionekana, hata wa mbali, ndoa haipo. Halafu mzee yule yule aliyekataza ndoa hiyo asubuhi, jioni anamwacha mbwa wake dume ampande jike aliyezaliwa na dume huyo huyo, kwa kuwa dume mwingine yuko Kisii na nauli ni ghali.

Hesabu ya kupandisha mbwa wa damu moja si ngumu. Baba akimpanda bintiye, au ndugu wa tumbo moja wakipandana, kwa kila jeni ya mtoto ipo nafasi ya asilimia 25 kwamba amepokea nakala mbili za jeni ile ile kutoka kwa babu mmoja. Ndugu wa baba mmoja na mama tofauti, asilimia 12.5. Watoto wa ndugu, asilimia 6.25. Nakala mbili zikiwa nzuri hakuna neno. Zikiwa mbovu, ugonjwa uliokuwa umejificha kwa wazazi hujitokeza kwa watoto: korodani isiyoshuka, moyo dhaifu, watoto wachache wanaokufa mapema. Ndiyo maana tabia ya kununua "jozi", dume na jike wa uzao mmoja kutoka kwa muuzaji mmoja, ili waje wazae, ni mwanzo mbaya kabisa. Ukitaka wawili, nunua katika nyumba mbili, na usome karatasi zote mbili uone majina yanagongana wapi.

Karatasi ina faida nyingine: hukuonyesha ni wazazi gani wa kuulizia magonjwa ya kurithi. German Shepherd, Rottweiler na Boerboel wana udhaifu wa nyonga unaorithiwa: kichwa cha mfupa wa paja hakikai vizuri katika kikombe chake, na mbwa akifika makamo anainuka kwa shida. Mfugaji makini hupiga picha ya eksirei baada ya mbwa kukomaa, asiyefaa hampandishi. Chama cha Boerboel cha Afrika Kusini, kilichoundwa 1983, kilianza kwa kuzunguka mashambani kuwapima mbwa mmoja mmoja na kuwachuja. Kuchuja ndiko kunakoumiza mfukoni, maana unamlisha mbwa mwaka mzima kisha unaambiwa asizae.

Kwa upande wetu wa ziwa kuna chujio jingine ambalo halimo katika daftari lolote la Nairobi. Bonde la Lambwe, kaunti ya Homa Bay, ni maskani ya mbung'o tangu enzi. Vichaka vyake, pamoja na Hifadhi ya Taifa ya Ruma iliyotangazwa 1983, ndivyo vilivyomhifadhi korongo, swala asiyepatikana tena kwingine nchini Kenya; lakini pia vilihifadhi mbung'o waliosababisha mlipuko wa malale kwa binadamu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Watu wengi hujua nagana, inayoenezwa na mbung'o hao hao, ni ugonjwa wa ng'ombe. Wachache hujua kwamba mbwa huathirika vibaya zaidi: homa, uso kuvimba, tezi kukua, kisha macho kuingia ukungu mweupe. Ni rahisi kudhani ametemewa mate na swila. Asipotibiwa, wiki chache zinatosha kumwua.

Hapa pana kosa la kuogopwa. Dawa ya diminazini huuzwa katika maduka ya dawa za mifugo, na pakiti ya kawaida imepimwa kwa ng'ombe wa kilo 300, yaani miligramu 3.5 kwa kila kilo. Dume wa German Shepherd ana kilo 30 hadi 40. Anayekadiria kwa macho humpa mbwa dawa mara kadhaa ya kipimo, na diminazini ikizidi husababisha damu kuvuja kwenye ubongo wa mbwa. Mwite daktari wa mifugo, damu ipimwe kwanza, kwa kuwa homa hiyo hiyo huweza kuletwa na kupe.

Kuhusu chakula nitasema mawili tu. Ugali na omena ni chakula kizuri cha msingi, na mifupa ya omena humpa mtoto wa mbwa madini ya chokaa anayoyahitaji. Lakini mahindi yaliyoota ukungu, yale ambayo familia imeyatenga kwamba "haya ya mbwa," yana sumu ya aflatoksini inayoua ini la mbwa haraka. Kama huwezi kuyala wewe, mbwa naye asiyale.

Sasa maonyesho yenyewe. Chama cha Kilimo cha Kenya kina mizizi tangu 1901, na wafugaji wa kwetu wamezoea kuona fahali na mbuzi wa maziwa wakivishwa utepe katika maonyesho yake. Maonyesho ya mbwa hufuata utaratibu wake. Jaji hapaswi kuuliza ni mbwa gani kati ya hawa anayempendeza. Kila mmoja humlinganisha na maelezo rasmi ya aina yake. Kwa German Shepherd, dume awe na sentimita 60 hadi 65 begani, jike 55 hadi 60. Mweupe hakubaliwi, wala dume asiye na korodani zote mbili mahali pake. Jaji atafungua mdomo ahesabu meno, atampapasa, kisha ataomba akimbizwe polepole aone miguu inavyopiga hatua. Mbwa aliyefungwa mnyororo mchana kutwa na hajawahi kuguswa na mgeni ataondolewa hapo hapo, hata awe na ukoo wa kifalme. Kutoka Migori hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 350. Usimsafirishe mbwa umbali huo kabla hajazoea kushikwa mdomo na jirani.

Na mbwa koko wetu je? Nao wana nasaba, ila haijaandikwa. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa 2009 uliwachunguza mbwa wa vijijini wa Misri, Namibia na Uganda, ukakuta wale wa Uganda, majirani zetu, karibu hawana damu ya kigeni. Ndugu yao wa msitu wa Kongo, Basenji asiyebweka, alipelekwa Uingereza, akawa kivutio katika maonyesho ya Crufts ya London mwaka 1937. Yeye naye mababu zake huko ng'ambo walikuwa wachache mno, hata ilipofika 1990 daftari la Marekani likalazimika kufunguliwa tena ili damu mpya iingie kutoka Afrika. Asikudanganye mtu kwamba mbwa wa kijijini ni mbwa duni.

Tena ndiye atakayeamua kama wako wa bei ghali ataishi, kwa kuwa kichaa cha mbwa hakichagui nasaba. Mtu wa kwanza kuthibitishwa kufa kwa kichaa cha mbwa nchini, mwaka 1928, alitoka eneo hili la Ziwa Victoria, na mkakati wa taifa unalenga kuumaliza ugonjwa huo ifikapo 2030 kwa kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wote, wa nasaba na wasio wa nasaba. Kwa hiyo siku ya chanjo ikitangazwa katika kata yako, mpeleke wako, na umkumbushe jirani ampeleke wake.