Kijana wa Buluo na Masomo ya Sheria

Ukitaja jina la Buluo mbele ya wageni, hawaulizi habari za shule wala za nyumba; huuliza habari za gereza. Jina hilo lilienea sana mwaka 1998, wanasiasa kadhaa walipoletwa kufungwa humo, Joseph Olenghankoy akiwa mmoja wao. Lakini wakubwa wa namna hiyo hawakosi watu wa kuwasemea. Leo twataka kuzungumza habari za watu wadogo, na za kijana anayetaka kujifunza kuwasemea hao.

Tuanze na aibu yetu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja mjane alitujia jioni, karatasi mkononi. "Mwalimu," akasema, "wewe wajua Kifaransa. Unisomee." Ndugu za marehemu mume wake walikuwa wamemletea karatasi hiyo aitie kidole, nayo ilisema kwamba anatoka nyumbani kwa hiari yake. Tukamsomea neno kwa neno, tukamfasiria vizuri kabisa. Naye akauliza: "Basi, mwalimu, sheria yasemaje?" Tukanyamaza. Kifaransa tulikijua; sheria hatukuijua. Kabla ya mwezi kuisha, mama akahama na watoto wake.

Kumbe jibu lilikuwa limekwisha kuandikwa tangu mwaka 1987 katika Sheria ya Jamaa, kifungu cha 785. Mwenzi aliyebaki, awe mume awe mke, anayo haki ya kukaa katika nyumba waliyoishi pamoja na kutumia vyombo vilivyomo. Tena sheria hiyo yawaweka watoto wa marehemu katika safu ya kwanza ya warithi, nao hupata robo tatu ya urithi. Mama yule hakulazimika kutia kidole popote. Angalikuwapo jirani mmoja tu aliyesoma jambo hilo, karatasi ile ingalirudi ilikotoka.

Jirani huyo, si lazima awe avoka. Wazazi wengi wakisikia masomo ya sheria huwaza joho jeusi na ofisi kubwa ya Lubumbashi, nao hukata tamaa mara moja. Hawajui kwamba chini ya avoka yuko mtetezi wa mahakama, ambaye kwa Kifaransa huitwa défenseur judiciaire. Amri ya tarehe 28 Septemba 1979 ilimfungulia mlango wa kazi hiyo kijana mwenye graduat ya sheria. Aweza kusema mbele ya Tribinali ya Amani na mbele ya Tribinali Kuu ya mahali. Mbele ya Baraza la Rufani hawezi. Wako wanaomdharau kwa sababu hiyo. Sisi hatuoni sababu ya dharau. Tribinali ya Amani ndiyo inayohukumu makosa ambayo adhabu yake haipiti miaka 5 ya kifungo, na huko ndiko wanakopelekwa watu wa mitaa yetu.

Zamani graduat ilikuwa ya miaka 3, kisha miaka 2 ya licence. Mageuzi ya vyuo yaliyoanza mwaka 2021 yamegeuza hesabu: licence ya miaka 3, kisha miaka 2 ya master. Kwa hiyo kijana aulize mapema, chuoni na kwenye tribinali vilevile, cheti chake kipya kitapokewa namna gani. Asingoje siku ya kumaliza.

Na atajifunza nini? Sheria za watu na jamaa, za adhabu, za ardhi, na taratibu za mabaraza. Humo atakutana na Katiba ya tarehe 18 Februari 2006. Kifungu cha 18 chasema kwamba aliyekamatwa huambiwa mara moja sababu yake, kwa lugha anayoielewa, na kwamba polisi hawamzuii kupita saa 48 bila kumfikisha mbele ya mwenye mamlaka ya hukumu. Saa 48! Ni baba wangapi wa Buluo wanaozihesabu, mtoto wao anapokamatwa? Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa, lakini hati za mabaraza huandikwa kwa Kifaransa, na mtu huweza kutia kidole chini ya maneno yasiyo yake.

Huko Tanzania Bara, sheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, wanaofundishwa kuwaongoza jirani zao ingawa si mawakili. Jambo hilo twalitamani.

Masomo haya yana gharama, tusidanganyane: ada, safari, na zile syllabus za walimu zinazonunuliwa moja moja. Lakini tumeona wengi wakishindwa si kwa fedha, bali kwa kukariri syllabus hizo kama kasuku, wasiingie barazani hata siku moja. Baraza liko wazi kwa watu wote.

Mwanafunzi wetu mmoja wa zamani yumo sasa katika mwaka wa pili. Siku zisizo na masomo huketi kwenye benchi la nyuma la tribinali, huandika kila neno gumu la Kifaransa na kulitafutia la kwetu. Juzi alitujia na daftari lake. "Mwalimu, usufruit tuiiteje?" Tukafikiri sana, tukimkumbuka mama yule. Tukamwambia: haki ya kukaa pasipo kufukuzwa. Akaiandika.