Mchele wa Pemba na Ugomvi wa Malindi na Mreno

Kila inapotajwa enzi ya Wareno katika mwambao wa Afrika Mashariki, iwe darasani Chake Chake au barazani Wete, swali linalotangulia mengine yote huwa ni lile lile: kati ya Malindi na Mreno, nani aliyemsaliti mwenzake? Swali hili limekwisha kujibiwa mara nyingi kuliko linavyostahili, na kila jibu linazidi kuliharibu somo, kwa sababu muulizaji huwa ameshaamua kwamba ushirika wa kivita hufungwa kwa mapenzi na huvunjwa kwa hiana, na kwamba kilichobaki ni kumtafuta mwenye roho mbaya. Kwa msomaji wa Pemba hasara ni kubwa zaidi, maana anayeshughulika na usaliti hulipita moja kati ya mambo makubwa ambayo washirika hao waligombania, nalo ni kisiwa cha Pemba chenyewe pamoja na mchele wake.

Nyuma ya swali hilo iko imani moja inayopaswa kung'olewa kabla ya kwenda mbele. Imani yenyewe inasema kwamba vita vya karne ya 16 na ya 17 katika mwambao vilikuwa vita vya Waislamu dhidi ya Wakristo, kwamba Malindi ilipotoka katika safu ya Waislamu wenzake ilifanya jambo la ajabu lisilo na mfano, na kwamba uhusiano wake na Wareno ulikuwa hauna budi kuvunjika kwa kuwa watu wa dini mbili hawawezi kukaa ngome moja. Hakuna sehemu ya maelezo haya inayosimama, na wala hauhitajiki utafiti mpya ili kuliona kosa lake. Yatosha kuipanga miaka kwa mfuatano wake, kazi ambayo wengi wanaolirudia swali hili hawajapata kuifanya.

Vasco da Gama alifika Malindi Aprili 1498 baada ya kukosana na Mombasa, na mtawala wa Malindi alimpokea kwa sababu mji wake ulikuwa na ugomvi wa siku nyingi na Mombasa juu ya biashara na ukubwa. Ushirika ulioanza hapo ulidumu miaka 95, hadi Wareno walipoanza kujenga Ngome ya Yesu huko Mombasa mwaka 1593, na katika muda huo waliipiga Mombasa mwaka 1505 wakiongozwa na Francisco de Almeida, na tena mwaka 1528 wakiongozwa na Nuno da Cunha, ambapo Malindi ilikuwa upande wao. Anayesema kwamba tofauti ya dini ndiyo iliyouvunja ushirika huo anapaswa kueleza ni kwa nini tofauti hiyo, iliyokuwapo tangu siku ya kwanza, ilichukua karibu karne nzima kufanya kazi yake.

Ushahidi wa miaka ya 1580 ni mzito zaidi. Mir Ali Bey, nahodha wa Kituruki kutoka Bahari ya Shamu, alipokuja mwambao mara ya kwanza kati ya 1585 na 1586, aliita watu kwa jina la Uislamu na la Sultani wa Waturuki, na miji mingi ikamkaribisha. Malindi, iliyokuwa mji wa Kiislamu kama mingine, ilimkataa. Wareno walijibu mwaka 1587 kwa kuupiga mji wa Faza, wakaua watu na kukata minazi, yaani wakafanya kile kinachoitwa shambulio la kuadhibu, ambalo mpigaji hulifanya ili kutia hofu na kuharibu riziki, kisha huondoka bila kuitawala nchi aliyoipiga. Mir Ali Bey aliporudi na kujenga boma Mombasa, manowari za Tomé de Sousa Coutinho kutoka Goa, India, zilimfuata Machi 1589, na huko zikawakuta Wazimba, wapiganaji waliotoka upande wa mto Zambezi, wamepiga kambi bara wakisubiri kuvuka. Wareno wakawaachia wavuke, na Mombasa ikaangamizwa kutoka pande mbili. Muda mfupi baadaye Wazimba wale wale wakaigeukia Malindi, mji wa mshirika wa Wareno, na mji huo uliokolewa na Wasegeju, watu wa bara ambao baadaye waliitwaa Mombasa kutoka kwa Shaho bin Mshaham, mtawala wake wa mwisho wa ukoo wa Kishirazi, wakaikabidhi kwa Malindi. Dini ilikuwapo katika mambo haya, na ilikuwa na nguvu katika wito wa Mir Ali Bey, lakini hakuna anayeweza kuitumia kueleza nani alisimama na nani, kwa sababu kila mara miji ilijipanga kwa kutazama jirani anayeiogopa zaidi.

Pemba nayo haikuwa upande mmoja. Mwanzoni mwa karne ya 16, Duarte de Lemos alipovizungukia visiwa vya Mafia, Unguja na Pemba akidai kodi, Wapemba wengi walichukua walichoweza na kukimbilia Mombasa, ilhali miongo kadhaa baadaye kisiwa hicho hicho kilikuwa na mtawala rafiki wa Wareno, ambaye watu wake mwenyewe walimfukuza katika msukosuko wa miaka ya Mir Ali Bey na ambaye Wareno walimrudisha kwa nguvu. Na kwa wale ambao bado wanashikilia habari ya dini, mwaka 1728, miaka 30 tu baada ya Waomani kuitwaa Ngome ya Yesu kwa mzingiro ulioanza Machi 1696 na kumalizika Desemba 1698, Pate ya Kiislamu ilipatana na Wareno wa Kikristo ili kuwatoa Waomani wa Kiislamu Mombasa, ikafanikiwa, na mwaka uliofuata watu wa Mombasa wakawatoa Wareno tena. Imani isiyoweza kueleza hata tukio moja kati ya haya haifai kuendelea kufundishwa watoto.

Kinachoeleza mambo haya ni bei ya mshirika, na bei hiyo ilipangwa kwanza na pepo. Manowari kutoka Goa zilikuja na kaskazi, upepo unaovuma kati ya Desemba na Machi, na zilipaswa kurudi kwa kusi, unaoanza Aprili, kwa hiyo jeshi lililovuka bahari kuja kupiga lilikuwa na muda mfupi wa kupiga na halikuwa na uwezo wa kukaa. Jeshi la namna hiyo haliwezi kuishi bila mwenyeji, yaani mtu wa kulipatia maji, chakula, marubani wanaoijua miamba, habari za adui, na mahali pa kutengenezea vyombo. Malindi ilitoa vyote hivyo, na kwa sababu hiyo ilikuwa ghali machoni pa Wareno. Nayo Malindi, iliyokuwa dhaifu kuliko Mombasa, ilipata manowari ambazo isingeweza kuzijenga. Maadamu Mombasa ilikuwa na nguvu, kila upande ulikuwa na haja ya mwenzake, na ugomvi mdogo ulivumiliwa.

Mwaka 1593 hali hiyo ilikwisha, na ilikwisha kwa ushindi. Mombasa ilikuwa imeanguka, mtawala wa Malindi, Ahmad, alihamia huko na kufanywa mfalme, akaahidiwa thuluthi moja ya mapato ya forodha, yaani ushuru wa bidhaa zinazoingia na kutoka bandarini, na Wareno wakaanza kujenga ngome ya mawe kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati. Wengi huona hapo kilele cha urafiki, wakati ukweli ni kwamba hapo ndipo mshirika alipopoteza thamani: mwenye askari wanaokaa mwaka mzima ndani ya ngome hahitaji tena mwenyeji wa kumpokea kila kaskazi. Tena kapiteni wa ngome alipewa cheo kwa muda mfupi, kwa kawaida miaka 3, na alikitazama cheo hicho kuwa nafasi ya kuchuma, hasa katika biashara ya pembe za ndovu, hivyo kila fungu la forodha lililokwenda kwa mfalme wa Malindi lilikuwa fungu lililomkosa yeye.

Hapo Pemba inaingia. Kisiwa hiki, ambacho kutoka bara kinatengwa na mkondo wa bahari wa kilomita 50 hivi, kilikuwa na mvua na mabonde ya mpunga ambayo Mombasa haikuwa nayo, na ngome yenye askari, mafundi, mapadri na watumwa ilikuwa na vinywa vingi vya kulisha. Wareno walimwachia mfalme wa Malindi mamlaka ya Pemba kwa malipo ya mchele kila mwaka, na mpango huo ulikuwa na kasoro inayoonekana wazi: mfalme alitarajia faida kutoka kisiwani, kapiteni alitarajia chakula cha bei ndogo na biashara yake binafsi, na Wapemba, ambao hawakushirikishwa katika mapatano yoyote, ndio waliotoa jasho la pande zote mbili. Ahmad alilalamika hadi kufa kwake. Mwanawe Hasan aligombana na makapiteni waziwazi, akaikimbia Mombasa, na mwaka 1614 aliuawa Rabai na watu wa bara kwa ujira wa Wareno. Mtoto wake Yusuf alipelekwa Goa akalelewa na mapadri wa Kiagostino, akabatizwa kwa jina la Dom Jerónimo Chingulia, akarudishwa Mombasa mwaka 1626 kuwa mfalme, na Agosti 1631 akamuua kapiteni Pedro Leitão de Gamboa ndani ya ngome, akarudi katika Uislamu, kisha baada ya kuwashinda waliotumwa kutoka Goa kumzingira akaiacha ngome na kuondoka kwa bahari mwaka 1632. Wanaopenda habari za usaliti huanza masimulizi yao hapa, mwaka 1631, wakati mgao ulikuwa umeharibika kwa zaidi ya miaka 30.

Malipo ya ugomvi huo yalifika Pemba, na ushahidi upo hadi leo juu ya lango la Ngome ya Yesu, katika jiwe lililoandikwa Kireno na lenye mwaka 1639. Jiwe hilo linamsifu Francisco de Seixas de Cabreira, aliyeshika ukapiteni mwaka 1635 akiwa na umri wa miaka 27, kwa kuijenga upya ngome na kuirudisha pwani katika utii, na katika orodha ya sifa zake linataja kwamba aliiadhibu Pate na Siyu kwa kubomoa kuta za miji yao, na kwamba aliiadhibu Pemba, ambako kwa uamuzi wake mwenyewe aliwaua magavana waasi na wakubwa wote wa kisiwa. Inafaa msomaji atulie kidogo mbele ya maneno hayo. Mtu mmoja alivuka mkondo, akaua uongozi mzima wa kisiwa bila kusubiri amri ya aliye juu yake, na jambo hilo likachongwa langoni kama fahari, ilhali waliouawa hawakutajwa hata jina moja. Kazi yenye heshima ni kuwatafuta wao, badala ya kuendelea kuwasuta watu wa Malindi waliokufa karne nne zilizopita.

Mkasa wa namna hii haukuishia karne ya 17. Mazrui wa Mombasa, walioipoteza Pemba kwa Seyyid Said wa Oman mwanzoni mwa miaka ya 1820, walimpokea Kapteni Owen wa Uingereza mwaka 1824 kwa tumaini la kurudishiwa kisiwa hicho, na serikali ya Uingereza ikaukataa mkataba alioufunga nao. Katika zama zetu, majeshi ya Uganda na Rwanda yaliingia Kongo pamoja Agosti 1998, chini ya viongozi waliokuwa wamepigana bega kwa bega katika vita vya msituni vya Uganda vya miaka ya 1980, na bado yalipigana yenyewe kwa yenyewe Kisangani mwaka 1999, tena Mei 2000, na kwa siku 6 mfululizo kuanzia Juni 5, 2000, mabomu kwa maelfu yakiangukia mji ambao haukuwa wa upande wowote kati yao na kuua mamia ya raia. Viongozi wao walikutana na kupatana baada ya mapigano ya kwanza, na mapatano hayakuzuia ya pili wala ya tatu, kwa sababu suala la nani ashike mji, viwanja vya ndege, biashara ya almasi na kundi gani la waasi wa Kongo liungwe mkono halikuwa limemalizwa. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilihukumu mwaka 2005 kwamba Uganda iliwajibika, na mwaka 2022 ikaitaka ilipe dola milioni 325. Kesi dhidi ya Rwanda haikusikilizwa, kwa kuwa mahakama iliona mwaka 2006 kwamba haikuwa na mamlaka juu yake.

Basi anayetaka kuupima ushirika wowote wa kivita, wa zamani au wa habari za jioni, aulize nani analisha jeshi, nani anakusanya ushuru katika eneo lililotwaliwa, amri ya mwisho iko kwa nani, mgogoro unaamuliwa wapi, nini kitatokea adui akishaanguka, na wenyeji wa mahali penyewe wameulizwa nini. Mwalimu wa sekondari anaweza kuyafundisha haya kwa ramani ya pepo na jedwali la miaka katika vipindi viwili. Mwanafunzi wa Pemba aanze na makumbusho yaliyomo ndani ya ngome kongwe ya Chake Chake, aende Pujini kuyaona magofu ya mtawala Mkama Ndume, akipata nafasi avuke hadi Mombasa alisome lile jiwe kwa macho yake, na wazee wa mabonde ya mpunga waulizwe majina ya zamani ya mashamba, bandari ndogo na makaburi kabla hayajasahaulika. Nyaraka za Kireno za Goa na Lisbon zinahitaji Wapemba wanaosoma Kireno, lugha ambayo kisiwa chao kimeandikwa kwayo langoni mwa ngome.